Namba Thelathini na Nane

Barua ya chuo cha ng'ambo ilifika saa kumi jioni, na kwa kuwa Kitinda alikuwa na haraka kuliko akili, aliifungulia pale pale sebuleni, mbele ya mama yake na kaka yake, bila kuchomeka hedifoni masikioni. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na alilifanya wiki tatu nyuma, lakini tutalifikia. Tusikimbie.

Kitinda, kama jina lenyewe linavyosema, alikuwa wa mwisho kuzaliwa katika nyumba ile, na hakuwa akiona tangu alipozaliwa. Simu yake ilimsomea kila kitu kwa sauti ya mwanamke mkavu asiyejua kucheka wala kununa. Nyumba nzima ilimwita Bi Simu. Bi Simu angekusomea taarifa ya msiba na tangazo la sabuni kwa sauti ile ile, halafu akangoja umguse tena.

"Tunakushukuru kwa maombi yako," alisema Bi Simu. "Matokeo yako ya masomo ya tiba ya viungo ni mazuri sana. Hata hivyo. Kwa kuzingatia orodha ya misaada thelathini na saba unayopewa kila siku. Hatutaweza kukupokea. Isipokuwa utakuja na mhudumu wako mwenyewe. Wa kukaa nawe muda wote. Tafadhali tujibu kabla ya Ijumaa jioni."

Mama aliweka kikombe chini.

"Nilisema," Kaka alisema.

"Kaka, usianze."

"Sijaanza leo. Nilianza mwaka jana." Kaka alikuwa fundi umeme, na aliongea kama anavyofunga nyaya, moja moja na kwa kubana. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mdogo wangu. Sisi huku, wewe huko. Ukianguka nani atakuokota? Na usiseme ninayekuzuia ni mimi, wenyewe wamesema."

"Fimbo yangu iko mkononi, Kaka. Ninachouliza ni kimoja. Mimi napewa misaada thelathini na saba? Mimi?"

"Waulize walioandika."

"Aliyeandika ni Msomaji."

Hapo ndipo kwenye kosa la pili. Msomaji alikuwa kijana wa maktaba ya chuo, mwenye chumba chake cha sauti, kazi yake kuwasomea na kuwarekodia vitabu wanafunzi wasioona. Miaka mitatu alikuwa amemsomea Kitinda. Sasa fomu ya kwenda kusoma shahada ya pili ya miaka miwili ng'ambo ilikuwa na ukurasa mmoja wa kujazwa na mtu anayeijua vizuri siku ya mwombaji. Kitinda hakufikiri mara mbili, akampa Msomaji. Msomaji alipoirudisha kwa simu, binti yetu akaituma bila kuisikiliza hata mstari mmoja. Mtu aliyekusomea kurasa elfu sita za mifupa na misuli bila kuruka hata maelezo ya chini ya picha, utaanzaje kumkagua?

Sasa alimgusa Bi Simu, akaifungua ile fomu.

"Namba moja. Kumpokea getini saa mbili kasorobo. Namba mbili. Kumtajia ngazi iliyomeguka. Namba tatu. Kumwambia nani yumo chumbani kabla hajaanza kumsema."

Kaka aliguna, na ule mguno ulikuwa na kicheko ndani.

"Namba tisa. Kumletea chai. Sukari kijiko kimoja na nusu. Ingawa yeye husema kimoja."

"Ala!" Kitinda alisema.

"Namba kumi na nne. Baiskeli. Namba ishirini na mbili. Kubishana naye kama mvua itanyesha. Yeye hushinda."

"Huyu ni msomaji au yaya?" Kaka alicheka sasa waziwazi. "Mama, unasikia? Kwa orodha hii hata mimi nisingempokea!"

Mama hakucheka. Kitinda alisikia kiti cha mama yake kikisogea karibu, na kwa kuwa aliujua mwili wa mama yake kama anavyojua njia ya chooni, alijua ameinama mbele na kuweka mikono magotini. Mama alikuwa anasikiliza kitu kingine kabisa ndani ya maneno yale yale.

"Namba thelathini na saba," alimalizia Bi Simu. "Kumfikisha nyumbani kwao. Na kusubiri mpaka komeo lisikike. Picha. Haina maelezo."

"Picha gani?"

Kitinda aligusa tena. "Picha," alisema Bi Simu. "Haina maelezo."

Simu ilitoka mkononi mwake. Kibweta cha miwani kikafunguka, taratibu, kisha kikafungwa.

"Si picha," Mama alisema. "Ni maneno yameandikwa kwa kalamu, chini kabisa. Namba thelathini na nane. Wale wa kule lazima walidhani ni sahihi yake."

"Yanasemaje?"

Mama alivuta pumzi, akaishikilia.

"Mama?"

"Muulize mwenyewe."

"Mama! Si una macho!"

"Ninayo, mwanangu. Na mdomo ninao. Lakini hili si la mdomo wangu." Akamrudishia simu, akamfunga vidole juu yake kama mtu anayekabidhi kitu kinachoweza kumwagika. "Na wewe," akamgeukia Kaka, "usisogeze shingo yako hapa."

Niwaambie ukweli, hasira ya Kitinda usiku ule haikukamilika. Kila alipojaribu kumkasirikia Msomaji sawasawa, swali liliingia katikati. Baiskeli ni nini? Kwa nini mama yake hakucheka? Na ni kitu gani hicho ambacho mtu anakiandika kwa kalamu, kwenye karatasi ya msichana asiyeona, halafu anaiacha iende zake?

* * *

Asubuhi ya Jumatano hakupita geti kubwa. Alizunguka hadi geti la nyuma, akapotea mara moja, akauliza mara mbili, akaingia maktaba na kuketi kwenye kiti cha Msomaji mwenyewe. Chumba cha sauti kilikuwa na kuta za sponji na harufu ya karatasi kuukuu na tangawizi, kwa maana Msomaji alikuwa akinywa maji ya tangawizi kutwa ili koo lisimsaliti. Dakika kumi baadaye viatu vikaja mbio. Cha kushoto kilikuwa na mlio, siku zote, kama panya aliyebanwa kidogo.

"Daktari!" Hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku Kitinda alipomnyoosha shingo. "Nimesimama getini mpaka mlinzi ameniletea kiti! Umepitia wapi?"

"Geti la nyuma. Namba moja ifute."

Kiatu kikanyamaza.

"Wamejibu," Msomaji alisema polepole.

"Wamejibu. Wanataka nije na mtu wa kukaa nami muda wote, kama mtoto wa chekechea. Kikulacho ki nguoni mwako! Miaka mitatu nakuamini, kumbe unaniandika kama furushi."

"Mimi? Fomu iliuliza, andika kila msaada anaopewa kwa siku. Nikaandika ninachofanya."

"Chote?"

"Siruki mistari. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Niliporuka mstari mmoja wa mishipa ya goti ulininunia siku mbili."

"Ulitaka nisiende."

Alilisema kwa haraka, na mara lilipotoka akatamani kulirudisha. Msomaji alipojibu, ile sauti iliyozoea kusoma haikuwepo, ilikuwepo sauti ya mtu wa kawaida aliyeumia.

"Nani alikutafutia chuo hicho? Nani alikaa na wewe kwenye insha ya maombi mara saba? Kama ningetaka usiende, Daktari, ningesoma vibaya tu. Ningesema siku ya mwisho imepita. Ungejuaje?"

Ilikuwa kweli. Angeweza kumdanganya kila siku kwa miaka mitatu, na hakuwahi.

"Namba thelathini na nane ni nini?" aliuliza.

"Ah."

"Bi Simu ameshindwa. Anasema ni picha. Miaka mitatu unafanya kazi na watu wasioona, unaandika kwa kalamu? Wewe?"

"Nilijua hatasoma." Kiti cha pili kililia alipokikalia. "Nilijua utafika hapo, utanipigia simu kama kawaida yako: 'Msomaji, kuna picha hapa, ni nini hii?' Nami ningelazimika kusema. Bila hivyo nisingesema kamwe, najijua. Sikufikiri kwamba utaituma bila kusikiliza. Wewe, mkaguzi wa kila koma!"

"Basi nakuuliza sasa. Ni nini?"

"Sasa umenikasirikia. Siwezi kusoma mbele ya hasira."

Angembana zaidi, lakini gongo liligonga sakafu ya korido, na gongo lile lilisikika siku zote kabla ya mwenyewe. Lilikuwa la Mshauri, mama mwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, aliyekuwa na mguu mmoja unaotii na mmoja wenye mambo yake.

"Kuta zina sponji," Mshauri alisema mlangoni, "lakini mlango mmeuacha wazi, kwa hiyo maktaba yote sasa inajua habari za furushi na kalamu. Nakala ya barua yenu imefika kwangu. Nani amelia?"

"Hakuna," walisema wote wawili.

"Bado basi. Sikilizeni. Fomu imeuliza anachofanyiwa. Wale wameisoma kama anachohitaji. Ni mbingu na ardhi. Mimi kila siku kuna mtu ananinyang'anya mkoba anibebee. Nimewahi kuuhitaji ubebwe? Nawaachia kwa sababu wanapenda. Sasa nikiandikwa mimi, nitaandikwa kuwa siwezi kubeba mkoba."

"Basi tuandike nyingine," Kitinda alisema. "Fupi."

"Ya kubuni? Siweki sahihi yangu kwenye uongo, mwanangu. Ukifika kule na uongo, utakaoishi nao ni wewe. Nataka orodha iliyopimwa. Kesho, moja hadi thelathini na saba, unafanya mwenyewe. Unachokiweza kinafutwa. Usichokiweza kinabaki, na hicho tutakidai kwa nguvu zote, maana ni haki yako." Gongo likageuka. "Na wewe, Msomaji, hatua kumi nyuma yake. Mdomo umefungwa."

"Akigonga kitu?"

"Atagonga. Sote tunagonga."

* * *

Kabla ya Alhamisi ile kuna jambo lazima mlijue. Kitinda na Msomaji hawakuwahi kushikana mikono. Kitinda alipotembea naye alishika kiwiko chake, kwa juu kidogo, akafuata nusu hatua nyuma, kama wafanyavyo wasioona na wanaowaongoza. Kiwiko kikishuka, kuna ngazi. Kikirudi nyuma, njia nyembamba. Lakini kiwiko husema mengine pia. Aliweza kujua kwa kiwiko kile kwamba Msomaji hajalala, kwamba ana kichekesho anakizuia, kwamba kuna mtu amepita ambaye hampendi. Wengine hupendana kwa macho. Hawa wawili walikuwa na kiwiko, na hakuna aliyekuwa amelisema neno lenyewe.

Alhamisi saa mbili kasorobo, Kitinda aliingia geti kubwa bila kiwiko. Nyuma yake, hatua kumi, panya alilia mguuni.

Geti lilifutwa. Ngazi iliyomeguka ilifutwa, fimbo iliigundua yenyewe. Kila jambo lilipokamilika alisimama, akasema "futa", na kalamu ya Msomaji ikakwaruza nakala ya orodha kule nyuma. Mkwaruzo wa kwanza ulimfurahisha. Wa tano pia. Wa nane alijikuta anautegea sikio akitumaini utachelewa, akajishangaa, akatembea kwa kasi zaidi.

Ndipo, kwenye korido ya maabara aliyopita kila siku kwa miaka mitatu, akagonga chuma. Kilianguka kwa kelele, kikaangusha cha pili, cha pili kikaangusha cha tatu, na ugoko wake ukapata moto.

"Mama wee! Nani ameweka baiskeli hapa?"

Kiatu kilipiga hatua mbili, kikasimama. Alikisikia kikisimama. Kusimama kule kulimgharimu mwenye kiatu, na hilo pia alilisikia.

"Samahani sana, dada," alisema mwanafunzi mmoja aliyekuja kuokota. "Ni zetu. Huwa tunaegesha hapa."

"Tangu lini? Mimi napita hapa kila siku, sijawahi kukuta hata tairi."

"Siku zote tunaegesha hapa. Ila kuna kaka mmoja wa maktaba huja asubuhi na mapema anazihamishia upande wa pili, moja moja. Tulishachoka kumuuliza kwa nini. Leo sijui amelala!"

Mwanafunzi akaenda na baiskeli yake. Kitinda alibaki ameinama, mkono kwenye ugoko, na maumivu yakawa jambo dogo kabisa.

"Msomaji."

Kiatu kilijibu kwa mlio.

"Nakuruhusu neno moja. Tangu lini?"

"Siku yako ya kwanza."

"Hayo ni manne."

"Ungejua, ungenikataza," Msomaji alisema.

"Ningekukataza, ndiyo! Ningejifunza kuzikwepa. Miaka mitatu nimedhani hii ni korido tupu. Nimejisifu humu ndani, Msomaji! Nimewaambia watu natembea korido ya maabara kama nimeichora mwenyewe!" Sauti ilimpanda, kisha ikamtoka nguvu. "Kila asubuhi? Hata ile wiki uliyokuwa na homa?"

"Ile wiki nilimwomba mlinzi."

Alimpenda. Basi, lisemwe tu, maana mwenyewe alikuwa analikwepa kuliko anavyokwepa baiskeli. Alimpenda kwa hasira, pale pale koridoni, akiwa na ugoko unaovuja damu kidogo, na alitaka kumpiga na fimbo na kumshika kiwiko kwa pamoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi nyuma hadi mwanzo wa korido, akaishusha fimbo chini zaidi, akaipitisha kwa upana zaidi, akakuta tairi, akalizunguka, akakuta la pili, akalizunguka.

"Futa," alisema alipofika mwisho.

Kalamu ilichelewa. Kisha ikakwaruza.

Kantini alipanga foleni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Alimkanyaga mtu, akaomba radhi kwa nguzo, akapata chai.

"Vijiko vingapi?" aliuliza mwenye kantini.

"Kimoja."

Aliketi na kuionja. Kumbe ile nusu ilikuwa na kazi yake. Alirudi kaunta, akaomba nusu, akasikia kule nyuma mtu akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa wowote.

"Mdomo umefungwa!" alisema bila kugeuka.

Hadi saa tisa, thelathini zilikuwa zimefutwa. Sita zilibaki ambazo hata angejitahidi vipi zilikuwa za haki: vitabu viwe vya kusikika au vya nukta nundu, muda wa ziada kwenye mtihani, mtu wa kumwonyesha njia mpya wiki ya kwanza, na mengine matatu ya namna hiyo. Mshauri alizisikiliza, akasema hizo kila chuo chenye adabu kinaziweza, akaweka sahihi na kugonga muhuri kwa nguvu ya mtu anayeua mbu.

"Barua itatoka kesho asubuhi," alisema. "Imebaki thelathini na saba tu, kufika nyumbani. Nipigie ukifika. Ya thelathini na nane haiko kwenye mamlaka yangu."

* * *

Kutoka kituoni hadi kwao kulikuwa na mikunjo minne na mfereji mmoja usio na mfuniko. Kitinda alitembea, na kiatu kikafuata kwa mbali. Katika kona ya pili alisikia upepo ukigeuka.

"Itanyesha," alisema kwa sauti, uso ukiwa umeelekea mbele.

Hatua kumi nyuma palikuwa na mtu aliyekatazwa kubisha, na Kitinda akapunguza mwendo. Miaka miwili. Miaka miwili atasema itanyesha na hakutakuwa na wa kumbishia. Mfereji ulikuja, fimbo ikaingia hewani, akasimama, akapima, akavuka. Hakuanguka. Alipofika alipapasa lango, akalisukuma, likawa limefunguliwa tayari na mtu.

"Msomaji yuko wapi?" Kaka aliuliza.

"Kule nyuma. Leo hahesabiwi."

Kaka alisogea karibu, na harufu yake ya waya na jua.

"Nimekuona tangu kona ya kwanza," alisema. "Kwenye mfereji nilitaka kuja. Mama alinishika shati."

"Nilimshika mpaka kifungo kikatoka," Mama alisema kutoka barazani. "Na nilikuwa nimefumba macho mimi mwenyewe."

"Mdogo wangu." Kaka alikohoa. "Ile fimbo ya mbali..."

"Kaka."

"Ngoja nimalize. Nasema labda nyoka mwenyewe nilimchora mimi." Akamgusa begani, haraka, kwa aibu ya ndugu wa kiume. "Nenda kasome. Lakini utapiga simu kila siku, na sitaki kuongea na Bi Simu."

"Haya, ingia ndani kifungo chako kishonwe," Mama alimwambia Kaka. Kisha kwa sauti ya chini, karibu na sikio la binti yake: "Umemuuliza?"

"Bado."

"Basi sisi hatupo."

Mlango ukafungwa nyuma yao. Kitinda aligeuka akaelekea langoni, na ile mvua aliyoitabiri ikaanza kudondoka, moja moja, bado inafikiria.

"Sogea," alisema. "Hatua zimeisha."

Kiatu kilisogea. Kilisimama mahali ambapo angeweza kuisikia tangawizi.

"Soma."

Msomaji alisafisha koo. Karatasi ilifunguliwa. Akasafisha koo tena.

"Siwezi."

"Umenisomea sura nzima ya bawasiri bila kutetemeka! Na michoro ukaielezea!"

"Ile haikuwa yangu."

Alingoja. Alikuwa amengoja siku tatu, na sasa aligundua kwamba naye anaogopa. Kama ni kitu kidogo, kama ni "kumkumbusha mwavuli", angefanya nini na moyo huu alioubeba kutoka koridoni?

"Namba thelathini na nane," Msomaji alisoma, na sauti ilianza kwa ile ya vitabu, ikavunjika njiani. "Kumngoja arudi. Hata kama hatarudi kwangu."

Mvua ilidondoka kwenye karatasi, tone moja, likasikika.

"Lakini orodha ni ya vitu unavyofanya kila siku," Kitinda alisema taratibu. "Mimi bado sijaondoka."

"Nimeanza mapema."

"Tangu lini?"

"Tangu baiskeli."

Kitinda alinyoosha mkono. Ulikwenda wenyewe pale ulipozoea, ukakuta kiwiko. Safari hii hakukishika. Aliufuata mkono ukishuka, taratibu, kama anavyofuata msuli kwa mgonjwa, hadi kwenye kifundo, hadi kwenye kiganja, na pale akaingiza vidole vyake.

"Daktari," Msomaji alisema. "Niifute?"

"Uifute? Nani amekupima ukashindwa? Hiyo inabaki." Akavuta pumzi. "Geuza karatasi. Upande wa nyuma uko wazi?"

"Uko wazi."

"Andika orodha yangu. Ya mimi ninachokufanyia wewe. Miaka mitatu umeandika ya upande mmoja tu, ndiyo maana wale wa ng'ambo hawakuelewa kitu." Alisikia kalamu ikitolewa mfukoni. "Namba moja. Kurudi."

Alitega sikio. Matone yaliongezeka juu ya bati la jirani. Kalamu haikukwaruza.

"Mbona huandiki?"

"Sioni karatasi," Msomaji alisema, na sauti yake ilikuwa imelowa kuliko mvua yenyewe.

Kitinda alicheka, akalia, vyote kwa wakati mmoja.

"Karibu chamani," alisema, akamshikia karatasi isitikisike.